Kabla ya Ngao, Macho

Robota la mitumba linalofunguliwa asubuhi katika soko la Owino, ambalo kwa jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, limesafiri mbali kuliko wengi wa wanunuzi wake. Likitoka Ulaya, njia yake ya kawaida ni Mfereji wa Suez, Bahari ya Shamu, mlango wa Bab el-Mandeb wenye upana wa kilomita 30 hivi, Ghuba ya Aden, pwani ya Somalia na bandari ya Mombasa. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 1,100 za nchi kavu kupitia Malaba hadi Kampala. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader, kisha wakazidisha kurusha makombora na droni kwa meli za biashara, na kampuni kubwa za usafirishaji zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari iliyorefuka kwa maelfu ya kilomita hulipiwa mafuta, mishahara ya mabaharia na bima, na gharama hizo hushuka mkono kwa mkono mpaka kwa mtu anayechagua shati Owino. Februari 2024 meli ya Rubymar, iliyobeba tani zaidi ya 21,000 za mbolea, ilipigwa kombora. Ilipokuwa ikielea bila nguvu kabla ya kuzama, nanga yake inadhaniwa ndiyo iliyokata nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, ukiwemo wa Seacom unaoihudumia Afrika Mashariki. Kwa hiyo suala la nani anaona nini juu ya Bahari ya Shamu linatuhusu hata sisi tusio na pwani. Hoja yangu ni kwamba ulinzi dhidi ya makombora, kwa nchi za ukanda wetu, unapaswa kuanza na macho: rada za pwani, za ziwani na za anga, zinazounganishwa na kutumiwa kwa pamoja, kabla ya serikali yoyote kufikiria kununua mitambo ya kudungua.

Sababu ya kwanza iko katika fizikia yenyewe. Rada hutuma mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi unaorudi; muda wa kwenda na kurudi huonyesha umbali, na badiliko la masafa ya mwangwi huonyesha kasi. Mawimbi hayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, ilhali dunia imepinda. Aliyesimama katika vichochoro vya Owino haoni zaidi ya vibanda viwili vitatu hata akiwa na macho makali, lakini aliyepanda paa analiona soko lote. Rada nayo hufungwa na kimo chake kwa namna hiyo hiyo. Antena iliyo mita 16 juu ya maji haiwezi kuliona kombora linaloruka mita 4 juu ya mawimbi mpaka likaribie kilomita 25 hivi. Kombora la mwendo wa mita 250 kwa sekunde humaliza umbali huo kwa sekunde 100, na ndani ya sekunde hizo lazima mtambo ulitambue, kamanda aamue, na kombora la kujibu lirushwe. Ukiinua antena hadi mita 36, upeo unafika kilomita 33 na unapata nusu dakika ya ziada. Ndiyo maana Waingereza, walipounda manowari zao za aina ya 45, waliiweka rada ya Sampson juu kabisa ya mlingoti mrefu, wakati rada ya SPY-1 ya manowari nyingi za Marekani, yenye nyuso nne bapa zisizozunguka, imebandikwa chini zaidi kwenye mwili wa meli. Nguvu ya umeme na ubora wa kompyuta haviwezi kufuta mpindo wa dunia. Kinachoweza kuushinda ni kimo, au jicho jingine lililosimama mahali pengine.

Uganda imewahi kuonja maana ya kanuni hiyo. Tarehe 3 Julai 1976, ndege nne za Hercules za Israeli ziliondoka Sharm el-Sheikh na kuifuata Bahari ya Shamu kuelekea kusini, zikiruka chini mno juu ya maji ili zisionwe na rada za Misri, Sudan na Saudi Arabia, kabla ya kukata Pembe ya Afrika na kutua Entebbe usiku kuwaokoa mateka. Nchi tatu zenye rada zilikuwa kandokando ya njia hiyo, kila moja ikitazama anga yake, na hakuna aliyeionya nyingine. Ndege kubwa za mizigo, zisizo na mwendo wa kasi wala umbo la kujificha, zilisafiri kilomita 4,000 hivi. Tukiacha kando hukumu ya kisiasa juu ya tukio lile, somo lake la kiufundi limebaki vilevile: anayeruka chini hupita katika nyufa za macho yaliyotengana.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba rada za leo za nchi kavu zinaona mbali mno. Ni kweli kwa aina moja ya tishio. Kombora la balistiki hupanda juu sana kabla ya kuanguka, kwa hiyo huchomoza mapema juu ya upeo, na rada yenye nguvu inaweza kulifuatilia kwa mamia ya kilomita. Rada ya TPY-2, inayouongoza mtambo wa kudungua wa THAAD, hutumia mawimbi mafupi ya sentimita 3 hivi, yanayotoa picha kali kiasi cha kusaidia kutofautisha kichwa cha kombora na vipande vinavyoruka pamoja nacho. Tarehe 17 Januari 2022, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, THAAD ilidungua kombora la balistiki kwa mara ya kwanza vitani. Lakini siku hiyo hiyo makombora mengine na droni zilifika Abu Dhabi na kuua watu watatu. Miaka miwili na ushee kabla yake, tarehe 14 Septemba 2019, droni na makombora ya kruzi yaliipiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais nchini Saudi Arabia na kusimamisha uzalishaji wa mapipa milioni 5.7 kwa siku, karibu nusu ya uzalishaji wa nchi ile. Saudi Arabia ilikuwa na mitambo ya Patriot iliyoigharimu mabilioni ya dola. Rada ya Patriot ya wakati ule hutazama upande mmoja, kama theluthi moja ya duara, na ilibuniwa zaidi kwa vitu vinavyotoka juu; waliotuma droni walizipitisha chini, kutoka upande usiotazamwa. Taifa tajiri lilinunua ngao ghali na bado halikuwa na macho ya kutosha.

Baharini, mambo yalikwenda vizuri zaidi, na ni haki kuyasema. Tarehe 19 Oktoba 2023 manowari ya Marekani USS Carney ilidungua makombora ya kruzi na droni kadhaa katika Bahari ya Shamu. Machi 2024 frigeti ya Ufaransa Alsace iliangusha makombora matatu ya balistiki, na Aprili mwaka huo HMS Diamond ya Uingereza ikaangusha jingine. Mabaharia hao walifanya kazi ngumu, na meli nyingi zilipita salama kwa sababu yao. Hata hivyo kumbukumbu za vita vile vile zinaonyesha jinsi ukingo ulivyokuwa mwembamba. Tarehe 30 Januari 2024 kombora moja liliikaribia USS Gravely kwa kilomita moja na nusu hivi kabla ya kukatwa na bunduki ya mwisho ya kujilinda. Mwishoni mwa Februari frigeti ya Ujerumani Hessen ililenga droni isiyotambulika na kuirushia makombora mawili. Yote yalikosa kwa hitilafu, na ikawa bahati, kwa maana droni ile ilikuwa ya Marekani. Desemba 2024 manowari ya Marekani USS Gettysburg iliidungua ndege ya kivita ya Marekani yenyewe, na marubani wawili wakaokolewa baharini. Katika matukio haya mawili ya mwisho rada zilikuwa zimeona. Kilichokosekana ni kujua kilichoonwa ni cha nani, na ujuzi huo hautoki kwenye antena moja, hutoka kwenye taarifa zinazoshirikishwa kwa wakati kati ya meli, ndege na vituo vya nchi kavu.

Kuna funzo jingine la zamani kidogo ambalo kila waziri wa ulinzi wa ukanda huu angepaswa kulisoma kabla ya kutia saini mkataba wowote. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, kombora la Scud liliangukia kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Mtambo wa Patriot uliokuwa karibu ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na katika kila hesabu kulikuwa na kosa dogo la kukata tarakimu; baada ya saa 100 kosa hilo lilifika theluthi moja ya sekunde. Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita katika muda huo, kwa hiyo rada ilitafuta mahali ambapo kombora halikuwepo. Programu iliyorekebishwa ilifika siku iliyofuata. Hapo hapakukosekana fedha wala teknolojia. Palikosekana matunzo ya kila siku na mawasiliano ya haraka kati ya waliogundua kosa na waliokuwa zamu. Nchi inayonunua rada inanunua pia miaka 20 ya mafundi, vipuri, umeme wa uhakika na mafunzo. Isipovilipia hivyo, imenunua mnara.

Tugeuke sasa tuangalie kombora lilivyowahi kutufikia sisi. Tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi ambayo hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa, makombora mawili ya begani aina ya Strela yalirushiwa ndege ya abiria ya Arkia ilipokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Yalikosa. Rada yoyote ya kujihami isingesaidia kitu, maana kombora la namna hiyo hurushwa kutoka kilomita chache, hufuata joto la injini na humaliza kazi kwa sekunde chache. Lakini jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililochunguza silaha za Somalia lilieleza mwaka 2003 kwamba makombora hayo yalitoka Yemen, yakapitia Somalia na kuingizwa Kenya kwa njia ya bahari. Yalikuwa ndani ya chombo kinachokwenda polepole kwa siku kadhaa kabla ya kuwa angani kwa sekunde chache. Januari 2024 makomando wa Marekani walipanda jahazi karibu na Somalia wakakuta vipuri vya makombora ya balistiki na ya kruzi vilivyotengenezwa Iran, na wawili kati yao walikufa maji katika operesheni hiyo. Matukio haya yameachana kwa zaidi ya miaka 20, na yote mawili yanaonyesha kitu kimoja: katika maji yetu, nafasi nzuri ya kulizuia kombora ni wakati bado ni mzigo.

Jahazi la mbao si rahisi kuliona. Mbao hurudisha mwangwi hafifu, na mwangwi huo huchanganyika na ule wa mawimbi ya bahari, hasa wakati wa kusi. Kinachohitajika ni rada za pwani zilizowekwa juu, zinazopishana maeneo yake, zinazolinganisha kile zinachoona na ishara za utambulisho ambazo meli halali hutuma, na watu wanaojua mwenendo wa kawaida wa wavuvi na wafanyabiashara wa eneo hilo. Mahali pa kuziweka papo. Katika Shimba Hills huko Kwale, ardhi inafika mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho peke yake kinaipa rada upeo wa zaidi ya kilomita 80, mara tano ya ule wa antena ya mita 16. Misingi ya kushirikiana nayo ipo. Kanuni za Maadili za Djibouti za mwaka 2009, zilizotungwa kupambana na maharamia, zilianzisha vituo vitatu vya kubadilishana taarifa: Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Mwaka 2014 Sana'a iliangukia mikononi mwa Wahouthi, na hilo latosha kutufundisha kwamba mfumo wa macho usitegemee kituo kimoja wala serikali moja. Madagascar ina kituo cha kanda cha kuunganisha taarifa za bahari na Ushelisheli ina kituo cha kuratibu operesheni. Kwa upande wa anga, shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kusimamia usalama wa safari za ndege, CASSOA, makao yake yako Entebbe. Vipande vipo, vinasubiri kuunganishwa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, linahusu fedha. Mwananchi wa Kampala atauliza kwa haki kwa nini nchi yenye hospitali zinazokosa dawa izungumzie rada. Jibu langu ni kwamba ninachokipendekeza ni mbadala wa bei nafuu kwa kitu ambacho serikali zetu zinaelekea kukitamani. Betri moja ya Patriot pamoja na makombora yake hufikia dola bilioni moja. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa limetumia karibu kiasi hicho kwa makombora na risasi kufikia Aprili 2024, likijibu mashambulizi ya silaha ambazo nyingi zilikuwa rahisi mno kuliko zilizotumika kuziangusha. Uganda yenyewe mwaka 2011 ilinunua ndege sita za Su-30 na silaha nyingine kwa takriban dola milioni 740, na fedha zilitoka Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Rada ya kuongozea ndege na rada ya pwani hufanya kazi kila siku ya amani: huongoza ndege za abiria, husaidia kutafuta wavuvi waliopotea, hufichua meli zinazoiba samaki na magendo yanayoikosesha serikali ushuru. Kombora la kudungua hukaa ghalani mpaka muda wake uishe.

Pingamizi la pili ni la rushwa, na Afrika Mashariki ina kovu lake. Desemba 2001 Uingereza iliidhinisha kuiuzia Tanzania rada ya kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28, licha ya upinzani wa waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, na licha ya wataalamu kusema kwamba mtambo ule ulikuwa ghali na haukufaa kwa mahitaji ya safari za kiraia. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiasi cha dola milioni 12 kililipwa kwa wakala. Desemba 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza hesabu sawasawa, ikatozwa faini, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania kwa ajili ya vitabu na madawati. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba heri tusinunue rada tena. Lakini Tanzania yenyewe ilitoa jibu bora: mwaka 2017 mamlaka yake ya usafiri wa anga ilitia saini na Thales mkataba wa shilingi bilioni 67.3 kwa rada nne, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hizo ni kama dola milioni 30 kwa rada nne, wakati ile moja ya 2001 iligharimu kama dola milioni 40. Teknolojia ilikuwa imeshuka bei na mahitaji hayakuwa yale yale, kwa hiyo tusilinganishe kijuujuu. Hata hivyo ununuzi wa kiraia, wenye bei iliyotangazwa na maeneo yaliyotajwa, uliwapa wananchi kitu cha kukagua. Usiri ndio uliowagharimu Watanzania. Rada za kuona zina faida hii juu ya silaha: sehemu kubwa ya mkataba wake inaweza kuwekwa wazi bila kuhatarisha chochote.

Pingamizi la tatu husema mataifa makubwa yanatulinda tayari, basi tuwaachie. Angalia kilichotokea mwaka 2025. Tarehe 6 Mei, kwa usuluhishi wa Oman, Marekani na Wahouthi walikubaliana kuacha kushambuliana. Makubaliano hayo hayakuzilinda meli za wengine. Mapema Julai, ndani ya siku chache, Wahouthi walizizamisha meli mbili za mizigo, Magic Seas na Eternity C, na mabaharia wa ile ya pili waliuawa. Sioni sababu ya kuwalaumu Wamarekani kwa kulinda maslahi yao kwanza. Kila dola hufanya hivyo. Ninachokataa ni kuichukulia rada ya mgeni kana kwamba ni yetu. Mgeni hutazama anachokitaka, hutoa taarifa anapopenda, na huondoka bajeti yake ikibadilika.

Linabaki pingamizi la kutoaminiana. Nchi za Jumuiya yetu zimewahi kufungiana mipaka na kutuhumiana juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Nani atakubali jirani aone anga yake? Siombi imani ambayo haipo. Taarifa za meli za biashara na ndege za abiria si siri ya jeshi lolote, na nchi zinazokosana kisiasa huendelea kupokezana ndege za abiria angani kila saa. Tuanzie hapo. Uganda, isiyo na pwani, ina sababu kubwa kuliko zote za kuchangia gharama za rada za Kenya na Tanzania, na kwa mchango huo kudai haki ya kupata picha ileile kwa wakati uleule. Ndiyo njia pekee ya nchi ya bara kuwa na macho baharini.

Kwa hiyo serikali zetu zipimwe kwa mambo manne. Kwanza, je, zimekubaliana kuunganisha taarifa za rada zilizopo kabla ya kununua mpya? Pili, je, mabunge ya Kampala, Nairobi na Dodoma yameona bei, muuzaji na gharama za matunzo za miaka 20? Tatu, je, kuna mafundi wetu wanaosomeshwa sasa, wa kuzihudumia bila kumsubiri mtu kutoka ng'ambo? Nne, je, mfumo utaendelea kuona kituo kimoja kikianguka kama ilivyoanguka Sana'a? Serikali itakayokuja na mpango wa kununua makombora ya kujihami kabla ya kujibu maswali hayo itakuwa inarudia kosa la Abqaiq kwa fedha za watu maskini zaidi, na wafanyabiashara wa Owino, wanaolipa kodi kwa kila robota, wana haki ya kuikatalia.